Nani Aamue Kilicho cha Lazima? Katazo la Bidhaa Madukani huko Wales, 2020



Kila chama chenye duka kimewahi kukutana na swali moja gumu. Bidhaa zikiadimika, au amri ikitolewa na wakubwa, ni nani atakayesema kwamba kitu hiki ni cha lazima na kile si cha lazima? Wazee wetu waliokuwa makatibu katika miaka ya 1980 hawahitaji kufundishwa jambo hili. Waliligawa kwa kilo na kwa kipande, sukari na sabuni na khanga, kaya kwa kaya, wakitazamwa na foleni nzima. Vijana wengi wanaoshika vitabu vya vyama leo hawakuyaona hayo. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wote wanaopenda kujua mambo ya maduka, tunaeleza hapa yaliyotokea katika nchi ya Wales mwezi wa Oktoba mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19.

Tumeichagua Wales kwa sababu mbili. Kwanza, kisa chenyewe kinaonyesha waziwazi kuliko kingine chochote tukijuacho jinsi amri iliyotungwa kwa nia ya haki inavyoweza kuwaudhi hata wale ambao tayari wametii amri kali zaidi. Pili, Wales si nchi ngeni kwa wanaushirika. Robert Owen, ambaye watu wengi humwita baba wa fikra za ushirika, alizaliwa katika mji wa Newtown huko Wales mwaka 1771, na katika mji huo huo akafariki mwaka 1858.

Wales ni sehemu ya dola ya Uingereza, yenye watu wapatao milioni tatu na ushei, nayo imepakana na England kwa upande wa mashariki. Tangu mwaka 1999 ina chombo chake cha kutunga sheria, ambacho sasa huitwa Senedd, na mambo ya afya ya watu yamo mikononi mwa serikali yake yenyewe. Ndiyo maana katika mwaka wa maradhi jambo lililoruhusiwa ng'ambo ya mpaka liliweza kukatazwa upande huu wa mpaka, ingawa umbali ni mwendo wa dakika chache kwa gari.

Katika mwezi wa Machi mwaka 2020 dola nzima ya Uingereza ilifungwa. Watu waliamriwa kukaa majumbani, na maduka yote yakafungwa isipokuwa yale yaliyohesabiwa kuwa ya lazima, kama vile maduka ya vyakula na ya dawa. Huko Wales maduka mengine hayakufunguliwa hadi tarehe 22 Juni. Amri hiyo ilikuwa nzito, lakini watu waliipokea kwa utulivu mkubwa. Kulikuwa na manung'uniko, naam, lakini hapakuwa na fujo madukani kwa sababu ya orodha ya bidhaa, kwa kuwa orodha ya bidhaa haikuwapo. Duka lilifunguliwa au lilifungwa, basi. Lililofunguliwa liliuza kila kilichokuwamo.

Hapo ndipo dhuluma ya kwanza ilipojificha. Katika nchi zile duka kubwa la kujihudumia, yaani supamaketi, haliuzi chakula peke yake. Chini ya paa moja mna mkate na maziwa, na hatua ishirini mbele mna nguo za watoto, vitabu, sufuria, mashuka, birika za umeme na vifaa vya bustani. Basi mwenye duka dogo la nguo katika barabara kuu ya mji alifungiwa mlango kwa amri ya serikali, huku supamaketi iliyo jirani naye ikiendelea kuuza nguo zile zile kwa wateja wake yeye. Alilipa pango, akapoteza msimu, na shehena yake ikabaki rafuni. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha duka la chama mbele ya mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa atayaelewa malalamiko hayo bila kuelezwa zaidi.

Msimu wa vuli ulipofika maradhi yalianza kuenea tena kwa kasi. Siku ya Jumatatu, tarehe 19 Oktoba 2020, Waziri Kiongozi wa Wales, Mark Drakeford, alitangaza kwamba nchi itafungwa kwa muda mfupi, kuanzia saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa tarehe 23 Oktoba hadi Jumatatu tarehe 9 Novemba. Kipindi hicho kilipewa jina la ukanda wa kuzuia moto, kama ule unaolimwa msituni ili moto ukifika hapo ukose cha kuunguza. Mfano huo ulikuwa mzuri. Watu wakae majumbani siku kumi na saba, maradhi yakose wa kumrukia, hospitali zipate nafasi ya kupumua.

Kama amri ingaliishia hapo, pengine leo tusingekuwa na la kuandika. Lakini wakati mambo hayo yalipokuwa yakijadiliwa, wajumbe wa upinzani waliuliza swali lile lile la haki: iweje duka dogo la vifaa au la nguo lifungwe, na supamaketi iendelee kuuza vitu hivyo hivyo? Lilikuwa swali la maana. Siku ya Alhamisi, ikiwa imebaki siku moja tu kabla ya amri kuanza kutumika, Drakeford alijibu kwamba serikali itawaeleza wenye supamaketi waziwazi kwamba wanaruhusiwa kufungua zile sehemu tu zinazouza vitu vya lazima. Sehemu nyingine zifungwe.

Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Waliouliza walitaka duka dogo lifunguliwe. Serikali ikaona usawa utapatikana kwa kuifunga nusu ya duka kubwa. Kwa hesabu ya mizani majibu yote mawili yanaleta usawa, ila la pili linamwacha mlaji mikono mitupu katika maduka yote mawili. Serikali ilikuwa na hoja nyingine pia, nayo haikuwa hoja dhaifu: mtu asiyekuwa na nguo za kuchagua wala vitabu vya kufunua hukaa dukani muda mfupi, na muda mfupi hupunguza nafasi ya kuambukizana. Lakini wananchi wengi waliisikia zaidi ile hoja ya usawa wa wafanyabiashara, na wakajiuliza kama wanafungiwa rafu kwa ajili ya afya zao au kwa ajili ya biashara za watu.

Mwongozo uliotolewa ulitaja sehemu zitakazozungushiwa utepe au kuondolewa bidhaa: vifaa vya umeme, simu, nguo, vitu vya kuchezea watoto, bidhaa za bustani, na sehemu maalumu za vyombo vya nyumbani. Vilivyoruhusiwa vilikuwa vyakula na vinywaji, vitu vya usafi wa mwili, dawa, chakula cha wanyama wa nyumbani, na vitu vya kuitunza nyumba kama vile betri, balbu na glavu za mpira. Ukiisoma orodha hiyo mezani inaonekana ni safi kabisa. Ilipofika dukani mambo yalikuwa mengine. Wafanyakazi walikesha wakifunika rafu kwa karatasi za plastiki na kuweka vizuizi kati ya njia. Asubuhi ya Jumamosi wateja waliingia wakakuta vitu wanavyoviona kwa macho, vyenye bei zake juu yake, lakini visivyoshikika. Picha zilienea nchi nzima kwa saa chache: vitabu nyuma ya plastiki, nguo za watoto nyuma ya plastiki, birika nyuma ya plastiki. Mtu mmoja alinaswa katika picha akizichana karatasi hizo kwa mikono yake.

Fujo ya maelezo iliongeza fujo ya mioyo. Duka hili lilifunika kitu ambacho duka la pili liliendelea kukiuza. Katika duka moja mteja aliikuta sehemu ya taulo za kike imefungwa. Alipouliza, kampuni ikamjibu hadharani kwamba ni amri ya serikali. Serikali ikakanusha mara moja, ikasema taulo za kike ni za lazima na hazikuwa katazoni hata kidogo. Baadaye ilidhihirika kwamba sehemu hiyo ilifungwa kwa sababu duka lilikuwa limevunjwa na polisi walikuwa wakifanya uchunguzi. Kampuni ikaomba radhi. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kusafiri, na waliosikia kanusho walikuwa wachache kuliko waliosikia habari. Tusiwacheke. Watu waliamini kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa linaaminika: katika siku ile, duka lililofunika nguo za mtoto lingeweza kufunika chochote.

Ombi la kutaka katazo hilo liondolewe lilipelekwa kwa Senedd, likatiwa saini na watu zaidi ya 67,000, idadi ambayo Bunge hilo halikuwa limewahi kuipata katika ombi lolote kabla ya hapo. Kwa nchi ya watu milioni tatu hilo si jambo dogo. Walioliandika walitoa mfano wa mzazi aliye tayari dukani akinunua chakula, halafu anazuiwa kumnunulia mtoto wake nguo zilizo mbele yake.

Sasa tuulize: kwa nini hasira hii? Watu hao hao mwezi Machi walikubali kutokwenda makazini, kutowaona wazazi wao, hata kuzika wapendwa wao wakiwa wachache. Kwa nini birika la umeme liwe ndilo lililozidi kipimo?

Kwa maoni yetu jibu limo katika tofauti iliyopo kati ya kufunga mlango na kufunga rafu. Mlango ukifungwa, hakuna aliyehukumiwa. Wote wamezuiwa, tajiri na maskini, mwenye haja na asiye na haja, na kila mtu anajua kwamba amri ni ya dharura. Rafu ikifungwa ndani ya duka lililo wazi, mtu amekwisha kuruhusiwa kuingia, amekwisha kuvaa barakoa yake, amekwisha kusimama katika foleni, na hatari yoyote ya kuambukizwa amekwisha kuikabili. Kisha anaambiwa kwamba kitu alichokijia hakihitaji. Hapo hazuiwi tena kwa ajili ya maradhi; anasahihishwa katika jambo la nyumba yake mwenyewe.

Tena haja haimo ndani ya kitu. Imo katika hali ya mtu. Shuka ni anasa kwa mwenye shuka sita, ni lazima kwa aliyetoka hospitali na mgonjwa. Birika la umeme si kitu mpaka siku lile la zamani linapoungua, nawe una mtoto wa maziwa. Viatu vya mtoto wa miaka saba ni vya lazima kila baada ya miezi michache, kwa kuwa mguu hausubiri tangazo la serikali. Mwandishi wa orodha, hata awe na hekima namna gani, hawezi kuyaona hayo kutoka ofisini. Anayeyaona ni mteja, na baada yake ni yule karani wa duka anayemfahamu. Naye karani huyo aliwekwa mahali pabaya: hakuitunga amri, hakuweza kuibadili, lakini yeye ndiye aliyetakiwa kumtazama jirani yake usoni na kumwambia hapana.

Dola ya Uingereza yenyewe ilikuwa na uzoefu mwingine, na inashangaza kwamba haukukumbukwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vyakula vilianza kugawiwa kwa kipimo mwezi Januari 1940, na mgao haukwisha kabisa mpaka Julai 1954. Tarehe 1 Juni 1941 nguo nazo ziliingizwa katika mgao. Serikali ingaliweza kuandika orodha ya nguo za lazima na zisizo za lazima. Haikufanya hivyo. Kila mtu alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na kila vazi likapewa idadi yake: koti kubwa la mwanamume kuponi 16, gauni la sufu kuponi 11. Mtu alibanwa kweli kweli, lakini uchaguzi ulibaki kwake. Aliyetaka koti alinunua koti akakaa bila suruali mpya. Mama aliweza kujinyima ili amvike binti yake. Kipimo kiliwekwa na serikali, haja ikapimwa na mwenye nyumba. Wanachama waliopitia mgao wa hapa kwetu watakumbuka pia kwamba kilichowaudhi watu hasa hakikuwa udogo wa kilo walizopewa. Waliudhika kilo za mwingine zilipotokea mlango wa nyuma.

Wala Wales haikuwa peke yake katika mwaka ule. Afrika ya Kusini ilifungwa tarehe 27 Machi 2020, ikapiga marufuku uuzaji wa pombe na sigara, na kwa muda ikakataza hata chakula kilichopikwa kisiuzwe kikiwa moto. Tarehe 12 Mei serikali ikatoa orodha ya nguo zinazoweza kuuzwa. Fulana za mikono mifupi ziliruhusiwa kwa sharti kwamba ziuzwe kama nguo za ndani za kuleta joto. Nchi nzima ilicheka, na kicheko cha namna hiyo si dalili njema kwa amri. Haikupita hata mwezi, kuanzia tarehe 1 Juni, masharti yakalegezwa. Sigara zilibaki marufuku hadi Agosti, na wavutaji wakazinunua kwa magendo kwa bei ya kuumiza.

Turudi Wales, maana huko duka lina historia yake. Katika karne ya kumi na tisa, wafanyakazi wa viwanda vya chuma na machimbo ya makaa walilazimishwa katika sehemu nyingi kununua mahitaji yao katika duka la kampuni, wengine wakilipwa mshahara kwa vipande ambavyo havikupokelewa penginepo. Bei aliipanga mwajiri, na bidhaa alizichagua mwajiri. Sheria ya mwaka 1831 ililenga kuukomesha utaratibu huo, ingawa haukufa siku moja. Owen alikuwa ameonyesha mapema, katika kiwanda chake cha New Lanark huko Scotland, kwamba duka la wafanyakazi laweza kuuza bidhaa nzuri kwa bei ya haki. Mwaka 1844 wale Waanzilishi wa Rochdale, nchini England, walifungua duka lao wakiwa na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Orodha hiyo fupi ilikuwa nayo orodha ya vitu vya lazima, lakini waliiandika wenyewe, kwa fedha zao, na walipotaka kuiongeza waliiongeza. Mwaka 1860 wafanyakazi wa Cwmbach, karibu na Aberdare, wakaanzisha chama cha namna hiyo katika mabonde ya Wales. Hatudai kwamba mteja wa mwaka 2020 aliyafikiria hayo mbele ya karatasi za plastiki. Tunasema tu kwamba katika nchi ile kupangiwa cha kununua si jambo jipya, na ushirika wa walaji ulizaliwa kwa sehemu kutokana na kulichukia.

Je, mwenye duka dogo, ambaye katazo liliwekwa kwa jina lake, alinufaika? Ni vigumu kuona vipi. Mlango wake ulibaki umefungwa vile vile. Mteja aliyekosa birika katika supamaketi hakuruhusiwa kulinunua kwake. Kilichobaki wazi kabisa kilikuwa biashara ya kuagiza kwa intaneti na kuletewa mzigo nyumbani, na makampuni makubwa ya biashara hiyo hayana duka hata moja katika barabara kuu za Wales. Wenye maduka wenyewe, kupitia vyama vyao, waliiandikia serikali kueleza wasiwasi wao kuhusu katazo hilo.

Kwa upande wa serikali, ni haki kusema kwamba haikuziba masikio. Siku ya pili tu ya katazo Drakeford alisema kwamba mambo ya mwisho wa juma hilo yatapitiwa pamoja na wenye supamaketi ili busara itumike. Waziri wa Afya, Vaughan Gething, alikiri kwamba kuna watu wenye haja ya kweli ambao hawakukusudiwa kuzuiwa. Jumanne tarehe 27 Oktoba ukatolewa mwongozo uliofafanuliwa: katazo libaki, lakini mteja mwenye haja ya kweli aweze kumweleza mfanyakazi wa duka, na mfanyakazi atumie busara kumuuzia. Nguo za watoto wachanga ziliwekwa wazi kuwa ni za lazima. Marekebisho hayo yaliituliza nchi kwa kiasi. Hata hivyo yaliuhamishia uamuzi wote kwa yule yule karani, ambaye sasa ilimpasa kusikiliza habari za birika lililoungua na kukata shauri kama ni za kweli, mbele ya foleni.

Kipindi kilikwisha tarehe 9 Novemba kama kilivyopangwa, na maduka yakafunguliwa. Kabla ya Krismasi maradhi yalirudi kwa nguvu, Wales ikafungwa tena, na katazo la bidhaa zisizo za lazima likarudi pamoja na kufungwa huko, safari hii kukiwa na kelele chache zaidi. Liliondolewa katika maduka yaliyokuwa wazi tarehe 22 Machi 2021. Maduka madogo ya nguo na ya vifaa yalisubiri wiki tatu zaidi, hadi tarehe 12 Aprili, ndipo nayo yakaruhusiwa kufungua milango.